Siku 165 za kibarua zimo kwenye kaunta buku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika humu wiki mbili zilizopita kwamba kibarua hana likizo ya uzazi ya kulipwa, kwamba hayo ni mambo ya wenye mikataba na ofisi. Aliandika kwa upole na sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini amekosea, nami najua kwamba amekosea kwa sababu kwa miaka 11 mkono uliokuwa unawakosesha vibarua haki hiyo ulikuwa wangu.

Nilikuwa karani wa getini katika kiwanda kimoja cha minofu ya samaki hapa Mwanza. Sitakitaja. Nimekula ugali wake na kusomesha watoto wawili, na waliokuwa wakubwa wangu wengi wao hawapo tena pale. Kazi yangu ilianza saa kumi na moja alfajiri. Nakaa kwenye kibanda kando ya geti, kaunta buku, lile daftari nene la jalada gumu, mbele yangu, kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye meza isipotee. Nje wamesimama akina mama sitini, sabini, wengine wameshuka vilima vya mawe vya Igogo kwa miguu, wengine wamekuja na daladala ya kwanza ya Kisesa. Wanangoja kusikia kama kuna mzigo. Mzigo ni sangara. Magari yakija mengi kutoka mialoni, kule samaki wanakoshushwa, naandika mpaka ukurasa unajaa. Yakija mawili naandika ishirini, waliobaki nawaambia warudi. Nauli ya kurudi ni juu yao.

Kwenye daftari naandika jina, namba ya simu, kitengo, saa ya kuingia, saa ya kutoka, saini au dole gumba. Wa usafi walilipwa kwa siku. Wa minofu, wale wanaokata na kutoa mafuta na miiba, walilipwa kwa kreti. Kisu cha kiwanda, gambuti za kiwanda, aproni ya kiwanda, na ukichelewa dakika kumi msimamizi anakurudisha. Hapo tulikuwa tunawaambia kwamba wao si waajiriwa.

Sasa niseme jambo ambalo msomaji wenu hakulijua, kwa sababu halisemwi getini. Kulikuwa na agizo, la mdomo tu, kwamba kibarua akikaribia miezi sita "mpumzishe". Hiyo miezi nilikuwa naihesabu mwenyewe. Mtu akifikisha miezi minne na wiki tatu hivi, jina lake nalipigia mstari kwa kalamu nyekundu na simu yake haipigwi. Zikipita wiki mbili au tatu anaitwa tena, namwandika ukurasa mpya kama mgeni. Wenyewe walidhani ni mambo ya mzigo. Mimi kwa miaka mingi nilidhani ni utaratibu wa kodi. Sikuuliza. Walikuwa wananiita Mama Daftari na nilikuwa naona fahari.

Nilikuja kuelewa nilipokaa na kijana wa kaka yangu, ambaye anasoma sheria, akanisomea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 29 kinasema aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana haki ya likizo ya malipo. Basi, nikasema, kumbe ndiyo ile miezi sita yenyewe! Kijana akasema, shangazi, subiri, kifungu hakijaisha. Kinaendelea kusema kwamba mfanyakazi wa msimu anastahili likizo hizo. Na kwamba hata aliye chini ya miezi sita, kama amefanya kazi zaidi ya mara moja kwa mwaka kwa mwajiri yuleyule, na vipindi hivyo ukivijumlisha vinazidi miezi sita katika mwaka huo, anastahili. Nilimwambia arudie kusoma. Akarudia. Ule mstari wangu mwekundu ulikuwa haumalizi kitu. Sheria ilishauona tangu 2004.

Kifungu cha 33 ndicho cha uzazi wenyewe. Siku 84 zenye malipo, siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mtoto akifariki kabla ya mwaka, siku 84 nyingine. Mwajiri halazimiki kulipa zaidi ya mara nne kwa mfanyakazi mmoja. Unatoa taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Huruhusiwi kurudi kazini kabla ya wiki sita, isipokuwa daktari akikuruhusu. Ukirudi, una haki ya kwenda kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. (Baba naye ana siku tatu, lakini baba wa watoto nitakaowasimulia alikuwa kambini visiwani, alipata habari kwa mtu wa mtumbwi.)

Mwaka 2018 kulikuwa na binti wa kitengo cha minofu. Nimwite Mama Kulwa, ingawa wakati ule hakuwa bado mama wa mtu. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Samaki wa kilo nne anamgawa na mfupa unabaki mweupe kama umelambwa na paka. Ukurasa wake wa kwanza unaanza Februari mosi. Juni 23 nikampigia mstari. Julai 16 nikamwandika upya. Katikati ya Agosti alikuja kibandani jioni, wenzake wameshatoka, akaweka mezani nakala ya kadi ya kliniki na karatasi ya daktari. "Mama, naomba unifikishie kwa meneja. Mimi nikienda mwenyewe nitaulizwa nimeingiaje ofisini." Tarehe ya kujifungua ilikuwa mwisho wa Novemba. Na kwa pembeni kwa mkono wa daktari: mapacha.

Nilizipokea zile karatasi, nikaziweka kwenye droo.

Mhariri, hapo ndipo ninapokwama kila nikiisimulia habari hii. Nilijua kwamba nikizipeleka, jibu litakuwa ni kumpumzisha siku ileile. Nikajidanganya kwamba namsaidia: akae, apate kreti zake mwezi mmoja zaidi. Lakini taarifa ya miezi mitatu ambayo sheria inaitaka, yeye aliitoa kwa wakati. Mimi ndiye niliyeifanya ionekane haikutolewa.

Msimamizi aligundua mwenyewe Septemba, aproni ikishindwa kufunga. Hakumfukuza. Hakuna anayemfukuza kibarua, ni simu tu inayoacha kulia. Agosti alikuwa na siku 23. Septemba siku 14. Oktoba siku 9, na tarehe 30 Oktoba ndiyo siku yake ya mwisho kwenye daftari. Wenzake walichanga 47,000 na doti moja ya kitenge. Kiwanda hakikutoa kitu na hakikuombwa.

Msomaji wako anaweza kusema: sawa, lakini huyo alifanya kazi siku chache chache, miezi sita itatoka wapi? Hesabu ndiyo kazi ninayoijua, basi nimeifanya. Februari siku 22, Machi 24, Aprili 20, Mei 23, Juni 19. Hizo ni 108. Julai 11, halafu 23, 14 na 9 nilizokwishazitaja, jumla 57. Zote pamoja ni siku 165. Ukihesabu kwa kalenda, vipindi vyake viwili vinapita miezi minane bila ubishi. Bosi mbishi atasema tuhesabu siku za kazi tu. Haya. Mfanyakazi wa mwezi anayefanya kazi siku sita kwa wiki anafikisha siku 26 kwa mwezi, yaani 156 kwa miezi sita. Mama Kulwa amezipita kwa siku tisa, kwa hesabu ya bosi mwenyewe.

Na malipo je, kwa mtu asiye na mshahara wa mwezi? Sheria ileile, kifungu cha 26, inasema anayelipwa kwa kipimo kisicho cha muda, kama wetu wa kreti, mshahara wake wa wiki unatafutwa kwa kile alichopata ndani ya wiki 13 zilizotangulia. Wiki 13 za Mama Kulwa ni Agosti mosi hadi Oktoba 30, siku 91 kamili. Alipata 190,000, kisha 120,000, kisha 74,000. Jumla 384,000. Ukizipeleka kwenye siku 100 za mapacha unapata kama 422,000.

Angalieni lakini ujanja ulipojificha. Zile wiki 13 ndizo hasa ambazo mwanamke anaitwa kidogo, kwa sababu tumbo limeonekana. Angeendelea kuitwa kama Agosti, miezi mitatu ingempa 570,000, na siku 100 zingekuwa kama 626,000. Kwa hiyo kule kutopigiwa simu kunamla mara mbili: anakosa kreti za Septemba na Oktoba, halafu kreti hizo alizokosa zinashusha na malipo ya uzazi. Ningekuwa mbunge, ningeanzia hapo. Wiki 13 za kibarua mjamzito zihesabiwe kabla ya siku aliyotoa taarifa, si kabla ya siku aliyoondoka.

Alirudi getini wiki ya kwanza ya Januari. Watoto walikuwa na siku 38. Wiki sita ni siku 42, na barua ya daktari ya kumruhusu hakuwa nayo wala hakuna aliyemuuliza. Nilimwandika. Chumba cha minofu ni baridi kama jokofu, maji yako kwenye vifundo vya miguu, na maziwa hayajui kama uko kazini. Ikifika saa nne koti jeupe lina mabaka mawili. Alikuwa anaomba kwenda chooni, anakamua kwenye sinki. Jioni kabla ya kupanda kilima ananawa kifua na mikono kwa ndimu, kwa sababu watoto walikuwa wanalikataa titi lenye harufu ya sangara. Aliniambia haya akicheka. Alikuwa na miaka 22.

Nisiwe mwonevu, waajiri nao nimewasikia. Wanasema ziwa si lile la zamani, samaki wamepungua, bei ya ng'ambo inapanda na kushuka, na kiwanda hakiwezi kumlipa mtu ambaye hata mzigo wa kesho hakijui. Kwamba mzigo haujulikani ni kweli, nimeuona kwa macho yangu. Lakini kifungu kimetaja wafanyakazi wa msimu waziwazi, maana yake waliotunga walijua kuna kazi zinazokuja na kuondoka. Wengine wanatishia: mkitubana tutachukua wanaume peke yao. Ujauzito umetajwa kwa jina katika sheria hiyo miongoni mwa mambo ambayo mtu habaguliwi kwayo. Na nilichokiona kwenye kreti ni kwamba wanaume wetu wa kukata walikuwa wanaacha nyama kwenye mfupa, hasara ambayo meneja alikuwa akiipigia kelele kila Jumatatu.

Kuna hoja yao moja ninayoikubali. Mzigo wa uzazi kumwangukia mwajiri mmoja peke yake unamfanya aogope wanawake. Kwa ajali na magonjwa yatokanayo na kazi waajiri wote wanachangia WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Sioni kwa nini uzazi wa vibarua usiwe na chungu cha pamoja cha namna hiyo. NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ina fao la uzazi, ni kweli, lakini linataka uwe umechangia miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miaka mitatu kabla ya kujifungua. Mtu ambaye jina lake linapigwa mstari kila mwezi wa tano ataifikia lini 36?

Wengine watauliza kuhusu mawakala, kwa kuwa siku hizi viwanda vingi vinaleta vibarua kupitia kampuni ya katikati, na bosi anasema hawa si wangu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inaangalia hali ilivyo: nani anakuelekeza, nani anapanga saa zako, vifaa ni vya nani, unamtegemea nani kwa riziki, na kama umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! Wengi wetu tulizimaliza wiki ya kwanza. Ikithibitika hata kimoja kati ya hivyo, unahesabiwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo.

Akina mama wa dagaa, wa Igombe na Kayenze na kwingine, wao hata geti hawana. Wanaanika mchangani zile siku ambazo usiku hauna mbalamwezi na dagaa wanavuliwa, mbalamwezi ikitoka kazi inalala, na mwenye mtumbwi anawalipa kwa ndoo au kwa debe. Hao sina jibu lao la haraka, ila naona wanaoanika kwa tajiri mmoja mwaka mzima wanaingia kwenye kile kifungu cha 61 kuliko wanavyodhani.

Ninachotaka mimi ni kitu kidogo, na nakitaka kwa sababu nimekishika kwa mkono. Haki yote hii inategemea idadi ya siku, na idadi ya siku iko kwenye daftari la bosi, ndani ya kibanda, kwa mwandiko wa mtu anayelipwa na bosi. Kibarua apewe kadi yake. Kadi ya kawaida tu, kama ile ya kliniki, igongwe muhuri kila anapoingia na kutoka, abaki nayo yeye. Na maofisa kazi wakija kukagua, wasiishie kunywa soda ofisini na kuangalia mikataba ya makarani. Waombe kaunta buku ya getini, wafungue, watafute mistari myekundu.

Kadi hiyo bado haipo, basi wanaosoma hapa waandike wenyewe. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kreti ngapi, umelipwa ngapi. Malipo ya simu msifute ujumbe wake. Taarifa ya ujauzito toeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo, msimwachie karani. Bosi akisema hana mkataba wenu wa maandishi, kumbukeni kwamba kuandika masharti ya kazi ni wajibu wake, na akishindwa kuyaleta mbele ya shauri ni juu yake kuthibitisha mlikubaliana nini. Shauri linafunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba moja, bila ada. Kwa malipo yasiyolipwa muda ni siku 60. Nazo hizo siku 60, angalieni, zinaanza kukimbia wakati mama yuko ndani na kichanga, arobaini haijatoka. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda kwa sababu ya msingi, na sijui sababu gani ya msingi inaushinda uzazi wa mapacha.

Mwaka jana nilimkuta Mama Kulwa mwaloni Kirumba, anauza mapanki, yale mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, ana meza yake. Akanisalimu "Shikamoo mama" kama zamani, akanichagulia mafungu mawili, akakataa hela. Watoto wako shule. Nilitaka kumwambia habari ya ile droo. Mteja akaja, nikanyamaza, nikaondoka na mapanki yangu.

Nilipoacha kazi nilichukua kaunta buku moja, ya mwaka 2018. Sikuruhusiwa. Iko hapa mezani ninapoandika, na zile karatasi mbili za kliniki zimo katikati ya kurasa zake. Kuna majina ya wanawake zaidi ya mia. Nimeanza kuwahesabia mmoja mmoja, nimefika herufi ya M. Aliyekuwa anaingia kwa geti letu mwaka ule anajua Mama Daftari anakaa wapi. Aje na kalamu anakili siku zake. Za Mama Kulwa nitampelekea mwenyewe mwaloni, pamoja na karatasi zake. Ni 165.

Karani mstaafu,
Igogo, Mwanza
(Jina na anwani vimehifadhiwa)